Antena ya Shemeji Tairi

Mume wa dada yangu mkubwa tulimwita Tairi tangu siku za uchumba wao, na hakuwahi kukasirika. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini na moja. Hata siku alizokuwa nyumbani ungemwona amekaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake hospitalini. Chai alikunywa amesimama. Kusali alisali, simsingizii, ila amina yake ilikuwa inafika mlangoni kabla ya amina zetu.

Kampuni ilipomstaafisha tulidhani sasa atatulia. Mwezi wa kwanza akapaka uzio rangi. Mwezi wa pili akaupaka tena, rangi nyingine. Akahamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, akahamisha kabati, ikawa dada akiamka anajigonga magoti kwa kutojua kabati limehamia wapi siku hiyo. Alfajiri alikwenda kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu kutazama tu malori yakijaza, kisha anarudi alasiri kutuhadithia nani kabeba saruji na nani kabeba vitunguu, kana kwamba tumemuuliza.

Siku moja akarudi na gari. Lilikuwa basi dogo ambalo zamani lilitumika kupimia watu macho huko mbali na miji. Ubavuni yalikuwa yamebaki macho mawili makubwa ya rangi, yamefutwa nusu, yakikutazama kama yanakudai salamu. Kwa miezi mitano alilishughulikia. Akamleta seremala akatia kitanda na makabati, akafunga jiko la gesi, tangi la maji, betri ya pili na sola juu ya paa. Dada alifurahi, akijua mzee amepata cha kumweka nyumbani. Kumbe mwenzake alikuwa anajenga nyumba ya kuondokea.

Alipomaliza akamwambia mkewe kwamba miaka yote hiyo amekuwa akimtajia milima na mito kwa majina tu, sasa anataka amwoneshe kwa macho. Waende wote, walale humo humo, bila haraka. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ni jambo zuri, lakini hapana. Kulikuwa na saa saba.

Hiyo saa saba ndiyo kiini cha mambo yote, kwa hiyo niieleze. Binti yao wa mwisho ni mkalimani wa lugha ya alama kwenye televisheni. Kila siku saa saba mchana, taarifa ya habari ikianza, utamwona kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa kioo, anawatafsiria viziwi kwa mikono. Anakaa mji wa mbali sana, na kurudi nyumbani ni mara moja kwa mwaka. Kwa simu husema yuko salama, na dada haiamini simu hata kidogo. Dada anaamini mikono. Lugha ile haijui, lakini akimtazama mwanawe nusu saa atakwambia leo hakulala, leo kuna mtu kamuudhi. Siku moja aliona mkono wa kushoto unachelewa, akampigia, na kweli mtoto alikuwa ameungua na pasi na hakutaka kusema. Tangu siku hiyo saa saba haikuguswa. Kwenye simu ya dada huwezi kutazama kitu, ni ya vitufe, na ya shemeji kule nje ya miji hupoteza mtandao.

Shemeji akasema basi tatizo ni televisheni tu, na televisheni ni antena tu. Dada akamwekea sharti mbele yangu ili niwe shahidi. Atakwenda siku kumi, nami niende nao. Ila siku itakayopita bila kumwona mtoto wake, siku hiyo hiyo anapanda basi kurudi nyumbani, na gari lile liuzwe au lifugiwe kuku, yeye halimhusu tena. Shemeji akakubali haraka mno. Mtu akikubali haraka hivyo, mimi huanza kumwombea.

Tukaenda kwa fundi wa antena. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba, nyaya zimening'inia toka darini mpaka unainama kupita. Mwenyewe alikuwa mtu wa taratibu, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Shemeji alitaja anachotaka akiwa bado mlangoni. Fundi akamkaribisha kiti, naye akakikataa.

Kabla hajaonesha kitu chochote, fundi aliuliza swali moja. Mkifika mahali, mnakaa muda gani?

"Siku mbili tatu," dada akasema.

"Saa mbili tatu," shemeji akasema, na yalitoka kwa pamoja.

Fundi akavua miwani, akacheka kwa kifua bila sauti. Akasema basi hapo ndipo penye kazi, maana antena haichaguliwi kwa uzuri, inachaguliwa kwa mwendo wa mwenye nyumba. Akatupangia tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa dishi, lakini hilo mti ukisimama mbele yake tu basi, halioni kitu, nasi tungekuwa tunatafuta kivuli kila siku, kwa hiyo akaliweka kando. Zikabaki mbili. Moja ya duara, nyeupe, kama bakuli lililofunikwa. Hiyo unaifunga juu ya paa na kuisahau, inashika pande zote, hata gari likiwa linatembea. Nyingine ndefu yenye miiba pande mbili kama mgongo wa samaki. Hii inasimama juu ya mlingoti, unainyanyua kwa mpini ulio ndani ya gari, unaizungusha polepole mpaka itazamane na mnara wa matangazo, na ukitaka kuondoka lazima uilaze kwanza.

"Ya duara ni kama mtu aliye sokoni anasikiliza watu wote kwa mara moja," fundi alieleza. "Karibu na mnara atasikia. Mkivuka milima, atasikia makelele. Hii ndefu inaweka kiganja nyuma ya sikio na kumgeukia mtu mmoja tu. Huyo hata akinong'ona utamsikia. Lakini uwe umesimama."

Akaongeza kwamba wengi wenye ile ndefu huisahau juu wakaondoka, ikavunjika, kwa hiyo ni vizuri kufunga kitambaa kwenye usukani kama alama. Shemeji hilo halikumpendeza. Akamuuliza kama anajua yeye ameendesha miaka mingapi. Fundi akasema hajui, ila anajua ametengeneza milingoti mingapi.

Dada alisema anataka ndefu. Shemeji akasema ya duara haina mambo mengi, mtu huwezi kuwa unanyanyua na kulaza kama bendera ya shule. Dada hakubishana. Ikafungwa ya duara, tundu la waya likazibwa kwa gundi lisivuje, king'amuzi kikaunganishwa, picha ikatoka safi pale pale uani kwa fundi. Shemeji alifurahi akampa mkono mara mbili. Tulipokuwa tunapanda gari kurudi, dada aliniambia taratibu, "Amechagua ya kuondokea. Hakuchagua ya kukalia."

Siku tatu za kwanza Mungu alitupa amani. Saa saba ikifika mtoto yumo pembeni mwa kioo, mikono inakwenda, hata gari likiwa katika mwendo. Shemeji aliendesha huku anapiga mluzi na kusema mnaona, mnaona. Tatizo letu lilikuwa moja tu, kwamba hatukukaa popote. Tulifika ziwa moja zuri sana nikavua viatu nikanyage maji, na kabla mguu wa pili haujalowa akawa ananiita, kwamba kuna mahali pazuri zaidi mbele. Nikamuuliza mahali gani. Akasema atapajua tukifika. Mlima aliotaka kumwonesha mkewe kwa miaka thelathini alimwonesha kwa kidole kupitia dirishani, gari likiwa gia ya nne.

Siku ya nne tukaivuka ile milima. Saa saba msomaji habari akatokea, akatamka salamu nusu, akaganda mdomo wazi. Mtoto wetu akaganda mkono mmoja hewani, halafu akakatika vipande vipande vya miraba kama shuka la viraka. Shemeji akasema msijali, ni lile bonde. Akawasha gari akapanda kilimani. Pale ikawa mbaya zaidi. Akasema kilima kile pale ndicho. Nusu saa nzima tulirushwa huku na huku, mimi nimekumbatia sufuria na dada amekumbatia televisheni, mpaka habari zikaisha. Alichoambulia dada ni mkono mmoja wa blauzi, na sikio.

Shemeji akajitetea kwamba sharti lilisema kumwona, na mkono ule si ni wa mtoto? Dada akamtazama, akacheka kidogo. Akamsamehe siku hiyo.

Siku ya tano hapakuwa na mkono wala sikio. Kioo kilikuwa bluu tupu, na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Shemeji akashika funguo aende akatafute kilima kingine. Dada akamwambia akae. Na kwa sababu hakuzoea kuambiwa hivyo, akakaa.

"Baba watoto," dada alisema, "wewe nilikungoja miaka thelathini na moja bila kukuona. Sikulalamika, ilikuwa kazi. Huyu naye nimngoje bila kumwona, ili wewe usisimame? Kesho nitafutie panapopita basi."

Shemeji alitoka nje akalizunguka gari, nasikia nyayo zake upande huu, upande ule. Mara ya sita au ya saba akaja dirishani akaomba siku moja tu. Aliomba kwa adabu, na dada ni mtu wa huruma. Akampa.

Kesho yake asubuhi akatufikisha kwenye mji mdogo wenye soko, akaingia duka moja hadi jingine mpaka akaipata ile yenye miiba. Akaifunga mwenyewe juani, akatoboa paa, akatia mpini ndani juu ya kitanda. Mimi nilikaa chini namwombea, maana mtu akipanda paani na hasira zake, lolote linaweza kutokea. Saa sita na nusu akaanza kuizungusha. Nami nikawa namwambia mistari ya mawimbi kwenye kioo inapanda au inashuka. Ilipotimia saa saba, mtoto alitoka safi hata vifungo vya blauzi unavihesabu.

"Amenenepa kidogo," dada akasema. "Namshukuru Mungu."

Shemeji alitazama amesimama, ameshika mlango. Baadaye akauliza kama siku zote binti huinamisha kichwa vile anapomaliza sentensi. Dada akasema siku zote. Yeye hakuwa akijua. Kumbe nyumbani, saa saba humkuta kituo cha mafuta.

Ikafika siku ya saba. Tulikuwa tumeegesha chini ya mti mkubwa kando ya barabara ya vumbi, na tulikubaliana kutoondoka mpaka habari ziishe. Antena ilisimama juu tangu asubuhi, imeshaelekezwa. Jana yake baada ya habari mawingu yalitanda na betri ikashuka, kwa hiyo shemeji aliwasha injini kuichaji, na kwa kuwa injini ilikuwa inawaka, akaenda kukaa nyuma ya usukani. Pale ndipo mahali pekee duniani alipoweza kukaa. Dada alikuwa ndani anamenya vitunguu. Mimi nikatoa mkeka nje kuukung'uta.

Sasa kwenye kazi ya malori kuna desturi moja. Mzigo ukishafungwa, wapakiaji walio nyuma hupiga bodi kwa kiganja mara mbili, na dereva akisikia hivyo anaondoka. Hageuki, haulizi, kwa sababu aliyepiga ndiye aliyetazama juu, chini na nyuma. Shemeji alikuwa ameitii sauti hiyo miaka thelathini na moja. Mimi hilo nililijua, maana amelisimulia mara nyingi. Lakini mtu akikung'uta mkeka hafikirii malori. Nikaupiga ubavuni mwa gari, hapo hapo kwenye lile jicho la rangi, mara mbili.

Gari likaondoka.

Nilibaki na mkeka mkononi. Halikufika mbali, hatua kama ishirini, nikasikia tawi linapasuka na kitu kingine kinapasuka pamoja nalo. Likasimama. Nilipofika mbio, dada alikuwa ameshashuka na kisu cha vitunguu mkononi, anatazama juu. Antena ilikuwa imelala juu ya paa kama mwavuli uliogeuzwa na upepo.

Hakupiga kelele. Alimuuliza tu mumewe alikuwa anakwenda wapi.

"Sijui," shemeji akasema.

Nadhani angesema uongo ingekuwa afadhali. Dada akaingia ndani, akafunga kitambaa kichwani kile cha safari, akaanza kutia nguo kwenye mfuko. Basi la kurudi lilikuwa linapita barabara ile ile karibu na saa saba na nusu. Nikamfuata, nikakiri kwamba kosa ni langu, kwamba mimi ndiye niliyegonga mara mbili, na mumewe mguu wake uliitika wenyewe.

"Wewe uligonga mkeka," dada akasema. "Mguu ni wake."

Huko juu tukasikia vishindo. Shemeji alikuwa amepanda paani. Mlingoti ulikuwa umekatika kwenye shina, lakini waya ulikuwa mzima na miiba mingi ilikuwa mizima. Akaifunga kwa kamba kwenye ukingo wa sola, upepo ukaiangusha. Akaifunga tena, ikaanguka tena. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Nikasikia ananiita kupitia kidirisha kidogo kilichokuwa paani, sauti yake ya chini sana, niwashe televisheni nimwambie anapoelekea. Nikawasha. Nikamwambia kushoto, kushoto tena, rudi kidogo, hapo. Picha ikatokea. Akasogea kidogo akae vizuri, ikaganda. Akarudi, ikatokea.

Ndipo nikaelewa, na nadhani dada naye alielewa, kwamba hakukuwa na kamba itakayofaa. Alipiga magoti juu ya bati la moto, antena mikononi, na picha ilikuwapo kadiri yeye alivyotulia.

Dada alikaa kitandani, mfuko mapajani, tayari kama abiria. Habari zikaanza. Mtoto akatokea pembeni amevaa rangi ya kijani, mikono ikaanza kwenda.

"Yupo?" shemeji akauliza toka juu.

"Yupo," nikasema.

"Mikono ikoje?"

Nilimwachia dada ajibu. Aliitazama ile mikono kwanza. "Ya leo ina furaha," akasema mwishowe, kwa sauti ya kuweza kusikika juu.

Jasho lilidondoka kupitia kidirisha, tone moja, likaangukia shuka. Baadaye shemeji akatoa habari kwamba kuna mdudu anampanda shingoni. Dada akasema amwache apande. Picha haikutikisika. Mimi nilikuwa namtazama dada zaidi kuliko habari, na yeye alikuwa anamtazama mwanawe, ila kila baada ya muda macho yalipanda darini, pale goti la mumewe lilipobonyeza bati kidogo.

Karibu na mwisho, akasema tena. "Mama watoto, naona vumbi. Basi linakuja."

Dada aliushika mfuko, macho bado kwa mwanawe.

"Nilisimamishe?"

"Ukiinua mkono picha itaganda," dada akasema.

Tukalisikia basi linakaribia, likapunguza mwendo, maana dereva wao lazima alimwona mzee amepiga magoti juu ya paa la gari lenye macho, ameshika miiba. Likapiga honi. Shemeji hakujibu honi ya dereva mwenzake, jambo ambalo nina hakika hakuwahi kulifanya maishani. Likaongeza mwendo likapita, na vumbi lake likatuingilia madirishani.

Mtoto akainamisha kichwa, habari zikaisha, likaja tangazo la sabuni. Nilitaka kunyanyuka nimwambie shemeji ashuke, masikini, jua lilikuwa kali. Dada akanishika mkono akanikalisha. Akapunguza sauti ya televisheni mpaka ikafa kabisa. Akauweka mfuko sakafuni, akavivuta vitunguu vyake, akaanza kumenya palepale alipoishia.

"Imeisha?" shemeji akauliza.

"Bado," dada akasema. "Tulia hapo hapo."